Ekzosi ya Mjomba Hashimu

Jumanne, 23 Juni

Leo ekzosi ya pikapu yangu imeanguka mbele ya watu wasiopungua arobaini. Madimba, katikati ya kijiji, saa nne asubuhi, mlangoni kwa dada yangu Asia. Si nyuma ya mikorosho. Si konani. Mlangoni! Ilikuwa imefungwa kwa waya tangu mwezi wa Ramadhani na waya ulikuwa mzuri tu. Sijui umepatwa na nini.

Mlio uliotoka baada ya hapo siwezi kuuandika. Kuku wa Asia walipanda paa. Nilishuka taratibu, nikaliokota bomba (la moto! vidole viwili vimeungua), nikatangaza kwa sauti ya mtu mzima kwamba nilikuwa na nia ya kulitoa leo hii hii.

Asia hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke. Alisema, basi Kaka Hashimu, shauri limekwisha, siku ya kutoka jandoni itatumika pikapu ya Fikirini.

Naandika haya kwa utulivu. Ismaili, mtoto wa kwanza wa Asia, ana miaka tisa. Yuko porini jandoni tangu likizo ilipoanza, yeye na wenzake sita, na watatolewa Jumamosi ya tarehe nne Julai. Mimi ndiye mjomba wake. Mjomba wa pekee, hakuna wa akiba. Kwetu sisi Wamakonde baba ni baba, lakini mjomba ndiye mwenye mtoto. Na huyu Fikirini ni nani? Mdogo wa baba yake mtoto. Baba mdogo! Ana pikapu ya rangi ya maziwa na ndevu anazozipaka mafuta.

Nimebisha mpaka Asia akalegea kidogo. Kasema litakwenda gari ambalo mtu akikaa ndani anasikia nyimbo za wari, hao watoto wa jandoni, zinazoimbwa nje. Langu, kasema, ukikaa ndani husikii hata adhana ya msikiti ulio mbele yako. Atatujaribu wote wawili Jumatano ijayo, tarehe mosi.

Kuna jambo jingine, nitaliandika humu tu. Mimi sikupita porini. Baba alikuwa karani bandarini, akanipeleka hospitali ya mjini, jioni nikarudi nyumbani na pakiti ya biskuti. Asia alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, hajui. Madimba hakuna ajuaye. Yakizungumzwa mambo ya jando mimi hutikisa kichwa polepole na kuangalia mbali, kama mtu anayekumbuka. Ndiyo maana siku hiyo ni yangu. Nikimtoa Ismaili kwa pikapu yangu, nitakuwa mjomba kamili, na hatatokea mtu wa kuniuliza.

Kesho ekzosi mpya.

Jumatano, 24 Juni

Sudi wa ekzosi yuko hapa Mtwara mjini, nyuma ya soko, chini ya mabati mawili. Hakuna fundi anayemzidi. Tatizo lake ni kwamba yeye ni Mmakua na mimi ni Mmakonde, yaani ni mtani wangu, na mtani hana adabu wala haruhusiwi kuwa nayo. Siku ya kumzika baba, Sudi alilala kifudifudi mbele ya jeneza, akagoma kupisha mpaka nimpe viatu nilivyovaa. Nilimpa. Nilizika pekupeku. Viatu anavivaa kazini mpaka leo.

Ana ekzosi mbili zinazoingia kwenye Hilux kama yangu. Ya kwanza ni mtumba wa Japani, ya kijivu, fupi, nene, ina kutu pembeni. Ukiiangalia ni kopo la maziwa lililokanyagwa. Ya pili ni mpya, inang'aa mpaka nikayaona masharubu yangu, na mdomo wake embe linapita. Sudi akasema nichukue ya mtumba. Ina vyumba ndani, kasema, sauti inazunguka humo mpaka inachoka, ukikaa kwenye usukani utamsikia hata nzi. Ile inayong'aa ni ya vijana wanaotaka wasikike, haina kitu tumboni.

Nikamtazama. Uso mkavu. Macho makavu. Miguuni viatu vyangu.

Mjinga angemwamini. Mimi nimeishi na watani miaka arobaini na minne. Mtani akikwambia pita kulia, ujue shimo liko kulia. Kwa nini anisukumie yenye kutu? Anataka nionekane Madimba na kopo la maziwa chini ya gari, siku ukoo mzima unapokusanyika! Nikatabasamu tu. Nikamwambia nipe inayong'aa. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena. Akaniuliza mara ya tatu! Hapo ndipo nilipojua nimemkamata.

Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 25 Juni

Imefungwa. Nimewasha. Sudi alikuwa ameziba masikio kabla sijagusa ufunguo, nikadhani ni utani.

Sauti ni nzito. Sisemi kelele. Nasema nzito. Mke wangu Mwaisha alitoka uani na ungo wa mchele mkononi akauliza ni nini kimelipuka. Nimemweleza kwamba ekzosi mpya lazima izoeane na injini, kama kiatu na mguu. Akasema yeye kiatu cha namna hiyo hajapata kukisikia.

Nimekwenda Msimbati kupakia samaki. Ndiyo kazi yangu, asubuhi Msimbati, mchana sokoni Mtwara. Kabla ya kuingia Madimba kuna shamba la mikorosho, na nyuma ya mikorosho ndiko jandoni. Mimi sijaingia kumwona Ismaili hata siku moja, kwa sababu mwanamume akifika huulizwa nyimbo za jando kwanza, na mimi sina hata moja. Napita barabarani tu. Leo nilipofika pale nimekanyaga mafuta kwa nguvu mara tatu, salamu ya mjomba. Mzee anayewalea wari akatoka barabarani na fimbo. Nilimpungia mkono. Yeye alipunga fimbo.

Nimejaribu pia sharti la Asia. Nikaimba mwenyewe ndani ya gari, kutoka Madimba mpaka baharini. Sikujisikia hata neno moja. Huenda ni mafua.

Ijumaa, 26 Juni

Aibu.

Nilichelewa Msimbati, nikaamua kuswali Ijumaa Madimba. Msikiti uko bondeni. Hesabu yangu ilikuwa nzuri, nizime gari juu ya mteremko, niserereke kimyakimya, niingie kwa heshima. Gari likaserereka vizuri. Nikasahau kwamba limo kwenye gia. Nikaachia klachi, likawaka lenyewe, kisha ekzosi ikapiga mshindo mmoja ambao sijawahi kuusikia toka kwa chombo chochote kisicho cha jeshi.

Shehe alikuwa katikati ya khutba, anazungumzia zaka. Akangoja vumbi litulie. Halafu khutba ikaiacha zaka ikahamia kwenye adabu za sauti, na humo ikabaki mpaka mwisho. Safu zote zikageuka kunitazama nikivua viatu. Fikirini, mstari wa mbele kama kawaida yake, akasogea kunipa nafasi karibu naye. Kwa makusudi!

Baada ya swala shehe alinishika mkono kwa upole, akaniuliza habari za masikio yangu. Kaniahidi dua.

Jumamosi, 27 Juni

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti pale Msimbati, nangoja samaki wapimwe. Nikageuka, pikapu ya Fikirini iko mgongoni kwangu. Sikuisikia ikija! Paka ana kishindo kuliko gari lile. Nikajifanya nimeangusha kitambaa, nikainama nikachungulia chini.

Kopo la maziwa. La kijivu, fupi, nene, kutu pembeni. Lile lile!

Nimerudi mjini kwa mwendo ambao sitauandika. Nikamwambia Sudi kwamba ameniuza. Sudi akasema ekzosi ile niliikataa mara tatu, na mwenzangu alifika jioni ile ile akaitaka kwa neno moja. Nikamuuliza mbona basi hakuniambia ukweli. Akasema aliniambia ukweli mtupu, ndiyo mara yake ya kwanza kwangu na ndiyo ya mwisho, kwa sababu ameona haulipi. Nyingine kama ile Mtwara hakuna. Labda niende Kilambo, mpakani, kuna fundi anaitwa Faraji mwenye Hilux iliyokufa.

Kilambo! Nipige safari ya kwenda mpaka mtoni kwa neno la mtani! Sidanganyiki.

Nimekaa chini nikafikiri. Sauti ni nini? Ni upepo. Upepo unazuiwa na nini? Na kitu laini. Uani kwetu kuna gunia la makumbi ya nazi, makavu, ya kuwashia moto. Nimeyashindilia ndani ya ekzosi kwa mpini wa jembe mpaka yakakataa. Mwaisha alisimama akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Ameanza kuniheshimu.

Jumapili, 28 Juni

Asubuhi: KIMYA! Nimeimba njia nzima na nimejisikia. Sauti yangu si mbaya hata kidogo. Nimepita jandoni polepole kama mtu anayenyatia kuku, mzee wa fimbo hakutoka.

Jioni: naendelea kwa mkono wa kushoto, wa kulia una malengelenge.

Nilikuwa narudi na samaki wa Bi Farida, mchuuzi wangu wa siku zote, amekaa mbele pamoja nami. Tulipokaribia Madimba nikasikia harufu nzuri, nikasema leo kuna shughuli mahali, watu wanapika. Bi Farida akavuta pumzi, akasema kweli, tena wanapikia makumbi. Tukaendelea. Moshi ukazidi. Watoto wakaanza kukimbia pembeni ya gari wakishangilia. Nikawapungia.

Ilikuwa ni mimi. Watu wakaja na ndoo. Asia akaja na mtungi. Moshi wote ulikuwa umeingia nyuma, chini ya turubai, kwa samaki. Bi Farida alifunua, akamwinua changu mmoja kwa mkia, akamnusa, akaniuliza kama huwa nawakaushia wateja wangu wote au ni yeye tu nimempendelea.

Na nani aliyeuzima moto? Fikirini. Kwa mchanga, kwa mikono yake, mbele ya watu wote. Hakusema neno la kunicheka. Kaniuliza tu kama nimeumia. Msaada wa namna hiyo nauelewa vizuri sana.

Jumatatu, 29 Juni

Zimebaki siku mbili. Nimekwenda Kilambo.

Nilijiambia kwamba hata mtani huteleza akasema kweli. Na Faraji yupo! Ana gereji karibu na kivuko, na Hilux iliyokufa ipo, imekaa juu ya magogo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Chini ekzosi yake nzima. Kopo la maziwa kabisa, ndugu wa lile la Fikirini.

Faraji hakunitazama mimi. Alipiga magoti nyuma ya gari langu, akaipangusa masizi ile yangu inayong'aa kwa kiganja, kama mtu anayechagua kitenge. Akasema tubadilishane, moja kwa moja, hakuna kuongeza. Nilijifanya kuumia. Nikatembea mpaka mtoni na kurudi. Nikakubali kwa huzuni. Ujanja!

Sharti lake moja tu, nilale chini mimi mwenyewe, kwa sababu alikuwa anangoja wakwe zake kutoka ng'ambo na kanzu alikuwa ameshaivaa. Nati zilikuwa zimeota kutu. Nimelala kwenye kokoto kwa muda wa saa tatu, Faraji amesimama kichwani kwangu ananipa maelekezo kwa ncha ya kiatu. Ya kwanza kutoka chini ya gari ilikuwa miguu. Mgongo ulikuja baadaye, na haukuja wote.

Lakini kimya chake! Nimerudi Mtwara namsikia hata nzi. Yupo mmoja humo, alipanda njiani, pale Mahurunga.

Jumatano, 1 Julai

NIMESHINDA.

Asia alikaa kwanza kwenye pikapu ya Fikirini, injini inaunguruma, akina mama wamesimama nje wanaimba. Akasema anasikia. Kisha akapanda yangu. Wakaimba. Akafumba macho. Akasema anasikia wimbo, anasikia makofi, anamsikia na shemeji yake Mohamedi… hapana, naandika haraka mno kwa furaha, Mohamedi ni mume wake, shemeji ni Fikirini. Alimsikia Fikirini akipiga miayo! Kupitia kioo! Akateremka, akatangaza kwamba itakwenda pikapu ya Kaka Hashimu.

Nikageuka kumwona Fikirini akisawijika. Kumbe yeye akapiga makofi. Akaja, akanipa mkono, halafu akaukunjua tena huo mkono, kiganja juu. Anataka ufunguo. Kasema klachi ya langu ni nzito kuliko ya lake, afadhali aizoee kabla ya Jumamosi.

Nikamuuliza aizoee yeye kwa nini. Wote wakacheka, kicheko cha kupendana, kama nimesema jambo la kuchekesha. Mohamedi akasema sasa mjomba unataka uendeshe huku na wewe unatembea? Wakacheka tena. Nikacheka na mimi. Nikacheka kuliko wote, kwa muda mrefu zaidi.

Sielewi.

Alhamisi, 2 Julai

Nimeelewa.

Nilimwuliza Mwaisha kwa njia ya mzunguko, kana kwamba namjaribu. Akasema, hata mtoto mdogo anajua. Pikapu inakwenda nyuma, inabeba ngoma, mikeka na masufuria, na huendeshwa na mtu wa upande wa baba. Mwari hapandi gari. Mwari hubebwa begani na mjomba wake, toka ukingo wa pori mpaka mlangoni kwa mama yake, na miguu yake isiguse chini hata mara moja. Nikamwambia vizuri, umejibu sawasawa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kwani mimi nilibebwa na nani. Nikasema biskuti zimekwisha, natoka kununua.

Nimepima kwa gari. Kutoka mikoroshoni mpaka kwa Asia ni kilomita moja na mita mia tatu, na kuna kilima. Mgongo wangu tangu Kilambo hauinui hata kandambili. Na Ismaili wa leo si yule aliyeingia porini, kila nyumba Madimba inawapelekea ugali na kuku. Nimejaribu kwa kiroba cha mihogo. Jirani ndiye aliyekitoa juu yangu.

Mpango wa kwanza: mjomba akae juu ya boneti ya pikapu, mwari begani kwake, gari liende polepole. Miguu ya mtoto haigusi chini! Nimempigia Asia kumweleza. Alisema hapana, akakata simu.

Mpango wa pili: niugue, nimwachie Fikirini heshima hii kwa ukarimu. Nilishika simu, jina lake likawa mbele yangu, kidole kikagoma. Nimekaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mtoto huyu ndiye anayenipokea koti langu mlangoni tangu alipojua kutembea. Siku kumi nimehangaika na bomba la moshi, na kumbe anachokihitaji kutoka kwangu ni mabega tu, ambayo nilikuwa nayo wakati wote mpaka Jumatatu.

Naogopa. Neno hilo sijaliandika humu kabla ya leo.

Jumamosi, 4 Julai

Mwaisha amenifunga kanga mbili kiunoni chini ya kanzu, akazivuta kwa goti.

Wari walipangwa ukingoni mwa pori, saba, wamefunikwa vichwa kwa kanga, macho chini. Mwari hasemi. Hacheki. Hatazami mtu mpaka afike mlangoni kwa mama yake apewe zawadi. Wajomba saba tukasimama mbele yao. Wenzangu wote mabega kama milango. Hakuna aliyeniuliza wimbo. Waliimba wao, mimi nikafungua mdomo na kuufunga inapostahili.

Nikachuchumaa. Akapanda. Mzito! Ya Rabbi, mzito! Nilisimama, sijui kwa mgongo wa nani. Tukaondoka. Nyuma yetu pikapu yangu inakuja na Fikirini kwenye usukani, haina hata mkoromo, na nyimbo za akina mama zimejaa barabara nzima. Kwenye kilima hatua zikawa fupi. Nikaona mlango wa Asia haufiki. Nikajiambia nitamdondosha, mbele ya ukoo wote nitamdondosha.

Hapo chini ya kanga nikasikia pumzi sikioni. Mjomba, akasema, gari lako limekufa?

Nikamwambia nyamaza, mwari hasemi. Akasema hatasema tena, ila anataka kujua. Akaniambia siku za mwanzo alikuwa analia kila asubuhi. Halafu anasikia gari langu linakuja kwa mbali na mngurumo wake, anawaambia wenzake yule ni mjomba wangu, amekuja kuniangalia. Wakawa wanalingoja wote saba. Na siku ile lilipongurumia pale barabarani mara tatu, walicheka mpaka mzee akawatolea fimbo. Kisha likakoma. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Akajua nimekufa. Hakulia, kasema, kwa sababu sasa ni mkubwa, lakini hakula.

Nikamwambia gari ni zima na mjomba ni mzima. Akaegemeza kidevu chake juu ya kichwa changu.

Njia iliyobaki siikumbuki vizuri. Machozi yalikuwa yananitoka kama mtoto, na watu wakasema jamani, mzigo ni mzito, mjomba anajitahidi. Nilimfikisha. Miguu yake haikugusa chini. Asia alimpokea kwenye mkeka, kisha akaniangalia, akasema, ahsante mjomba. Miaka yote ananiita kaka. Leo mjomba.

Kwamba mwari alisema njiani, sitamwambia mtu yeyote.

Jumatatu, 6 Julai

Nimelala chali siku nzima ya jana, Mwaisha ananikanda kwa mafuta ya nazi na kucheka peke yake. Kulala chali kunafaa kwa kufikiri. Nimeona kosa langu lote lilikuwa wapi.

Kosa ni ekzosi hii ya kimya! Imemtesa mtoto.

Leo shule zimefunguliwa. Nimempigia Faraji kumwomba anirudishie ile inayong'aa. Amekataa kabisa. Anasema tangu aifunge kwenye gari lake jingine, wakwe zake wa ng'ambo wanamsikia akiwasha gari na wanajiandaa. Nikaenda kwa Sudi. Nimemwagiza anitengenezee mpya, yenye midomo miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Sudi aliniuliza kama nina hakika. Akavua viatu vyangu akaniwekea miguuni, akasema chukua, Hashimu, leo umenishinda.

Nyumbani Mwaisha ananiambia eti mtoto hataki ekzosi. Eti anachotaka ni mjomba wake asimamishe gari, ateremke, akae naye kidogo chini, waongee. Nimemweleza kwa subira, kama unavyomweleza mtu asiye na ufundi. Nimemwambia sasa asiposikia gari, atajuaje kwamba nimekuja kukaa naye? Ameingia jikoni na amejifungia.

Sudi anachomelea kesho alfajiri. Nimeulizia ratiba ya darasa la Ismaili. Hesabu ni saa tatu kamili, na hesabu ndiyo inayomliza. Nitapita chini ya dirisha lao saa tatu na dakika tano, gia ya kwanza, taratibu, mara nne.